Kuni za Mama Wangari na Ngazi ya Karavani

Tangu nishuke kwenye treni hamjaniacha nipumue. Kila ninayekutana naye hapa Kimilili ananiuliza swali lile lile: "Zakayo, tumesikia ulionekana Ruiru umebeba kuni mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, kama mke wa mtu. Ni kweli?"

Ni kweli. Lakini aliyewaletea habari hiyo aliniona akiwa juu ya lori, nalo lori halikusimama, kwa hiyo amewapa mkia akaacha ng'ombe. Nimeona heri niandike yote mara moja, msomeane, kisha mniache nilime. Mambo ya pasi na mihuri ya siku hizi za Hali ya Hatari nayaruka. Mnayajua, na hayana utamu.

Gatuanyaga: ngazi iliyomwangusha mtu

Mnajua kwamba kule Thika mimi ni seremala wa misheni. Mwaka huu kazi yangu kubwa ilikuwa karavani. Ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili, hukokotwa na gari. Mzungu mmoja alikuwa akienda nayo kupumzika Naivasha na familia yake, halafu akaipa misheni tuifanye zahanati. Nilipiga humo kabati ya dawa, kitanda cha kupimia wagonjwa na pazia. Kila Alhamisi Land Rover iliivuta hadi Gatuanyaga, mashariki ya Thika, kwenye vumbi lile jekundu, na humo Sista akawapima akina mama wajawazito. Sista ni muuguzi kutoka Uingereza, mwenye miguu mirefu na Kiswahili kifupi.

Mlango wa karavani uko juu, karibu na kiuno cha mtu. Ngazi yake ya zamani ilikuwa imepotea, basi nikatengeneza nyingine ya mbao, vidato vitatu, kama sanduku. Niliijaribu kwa kuirukia mara kumi. Haikulia hata kidogo. Nikajisifu mbele ya Sista, na sasa naona haya nikikumbuka.

Kosa langu nililitoa huku kwetu. Mama zetu hubeba kuni kichwani. Mtu anakwenda wima na uzito unashuka moja kwa moja mpaka kwenye visigino. Wanawake wa Kikikuyu hawabebi hivyo. Mzigo hulala kiunoni kwa upana, vijiti vikitokeza huku na huku, na mkanda wa ngozi, wanaouita mukwa, huzunguka mzigo na kupita kwenye paji la uso. Mtu huinama mbele akavuta kwa kichwa. Nilikuwa nimewaona hivyo miaka sita na sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilo linahusu useremala.

Mnaweza kuuliza kwa nini wasitue mzigo kwanza. Kijiji kile kimezungushiwa handaki, karavani husimama nje ya lango, na wanawake huruhusiwa kutoka saa chache tu. Katika saa hizo watafute kuni, maji na dawa kwa mkupuo mmoja. Na mzigo ule ukiutua chini huinuki nao tena bila mwenzako kukuinua. Nani atakuinua wakati kila mtu anakimbizana na filimbi ya lango?

Alhamisi moja alikuja Mama Wangari, mimba ya miezi minane, na kuni zake mgongoni. Binti yake Wangari yu hai, ni mkubwa. Waliomfuata wawili walikufa wakizaliwa, na wa pili nusura aondoke na mama. Juma lililotangulia Sista alimpapasa tumbo na hakupenda alichokipata. Aliuweka mkono wake wima, kisha akaulaza. "Mtoto nalala hivi," alisema. "Kama bado hivi, lazima hospitali mbele ya uchungu. Mimi lazima pima tena."

Mama Wangari akapanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kuni zilikuwa pana kuliko mlango. Akafanya kama afanyavyo kwenye mlango wa nyumba yake, akageuka upande. Uzito wote ukazunguka ukavuka ukingo wa ngazi yangu. Ngazi haikuvunjika. Ilipinduka mzima mzima, na yeye nayo.

Alianguka juu ya kuni, Mungu ashukuriwe, wala si juu ya tumbo. Kifundo cha mkono kikavimba. Sista akaruka chini, akataka tumbebe hadi kitandani ampime. Mama Wangari akamsukuma.

"Sipandi hapo tena."

"Mama, mtoto..."

"Nimesema sipandi. Nilianguka mbele ya kijiji kizima. Hata mbuzi akianguka mahali harudi."

Filimbi ikalia, wanawake wakaondoka. Wengine watatu waliokuwa kwenye foleni wakaondoka bila kupimwa. Nilimfuata Mama Wangari njiani nikiwa nimembebea kuni zake mikononi, kwa shida. Nilimwambia kosa ni langu na Alhamisi nitaleta ngazi nyingine.

"Utaijaribu na nini?" aliniuliza.

"Nitaipanda mwenyewe."

"Wewe ukiwa umebeba nini?"

Akasimama. Akaufunga mukwa kwenye zile kuni kwa mkono wake mzima na meno.

"Chukua. Zunguka nazo. Ukipata ngazi inayokubali hizi kuni, mimi nitapanda. Na huo mukwa ni wa mama yangu, usiupoteze."

Nikamwambia naapa. Mnanijua. Marehemu baba alisema nikishika jambo nashika kama kupe.

Thika: ngazi ya kukunjwa

Nina chumba Kamenu, na Ijumaa asubuhi nilitoka nacho kile kitita cha kuni mgongoni ili nijizoeze. Hatua mia mbili za kwanza shingo ilitaka kung'oka. Majirani, wengi wao watu wetu wa magharibi waliokuja kufanya kazi viwandani, walitoka milangoni. Mke wa Barasa alicheka mpaka akakaa chini.

"Zakayo, mke wako akija likizo atakuta kazi zimekwisha!"

Ngazi ya mbao sikuiamini tena, hivyo nilikwenda kwa Kalasinga mmoja mwenye karakana ya vyuma nyuma ya soko. Hakuwapo. Nilingoja mpaka adhuhuri, na mkewe akanihurumia, akaniletea chai ya tangawizi na chapati nene yenye viazi ndani. Sijala chapati kama ile tena. Kalasinga alipokuja alinionyesha ngazi nzuri kweli: vidato viwili vya chuma chepesi, vinaning'inia chini ya mlango, ukimaliza safari unavikunja. Alikuwa ameifunga kwenye fremu ya mlango wa gari bovu. Nilipanda, nikaruka. Safi kabisa.

Kisha nikavaa mukwa.

"Ngoja, ngoja," alisema. "Hiyo nini?"

"Ni kuni."

"Mimi naona kuni. Kwa nini iko kichwa yako?"

Nilipanda kabla hajanizuia. Kidato cha kwanza kiliinama. Cha pili nikageuka upande, kama Mama Wangari alivyogeuka, na ngazi yote ikajinyonga ikavuta fremu ya mlango. Kalasinga akapiga kelele, akanishika shati.

"Veve! Hii ngazi ya bwana na bibi kwenda pikiniki! Miguu yake iko wapi? Haina! Inashika mlango tu. Veve nataka ngazi yenye miguu mpaka chini!"

Hilo lilikuwa somo la kwanza nililolipata, nami nilimshukuru kwa dhati ingawa alikuwa bado anatukana kwa lugha yake. Alipotulia aliniambia kwamba Gitothua, huko Ruiru, kuna mhunzi aitwaye Mzee Kariuki aliyenunua vyuma vya kiwanda cha kahawa kilichobomolewa. "Iko ngazi huko," alisema. "Nzito. Kwenda. Kwenda na kuni yako."

Barabara ya Ruiru

Jumamosi na Jumapili sikuruhusiwa kutoka, na Jumatatu hakukuwa na gari. Jumanne nilipata lori la mkonge. Kabla ya Juja gurudumu likapasuka. Dereva akalibadilisha, tukaenda mwendo wa kukoka moto tu, na lile jingine likapasuka. Akakaa kivulini akafungua kopo la tumbaku.

"Tutaondoka saa ngapi?" nilimuuliza.

"Mungu akipenda, leo."

Nilihesabu siku zilizobaki kabla ya Alhamisi. Nikavaa mukwa, nikaanza kutembea.

Nataka mjue jinsi ilivyo. Huoni mbele. Unaona vidole vyako na udongo. Ukitaka kumwangalia mtu lazima ugeuze mwili wote. Jasho linaingia machoni na huthubutu kulipangusa, maana mikono imeshika mkanda. Nilikuwa nimesikitika kumwangusha Mama Wangari, lakini baada ya maili mbili nilianza kuona aibu ya kweli, kwa sababu yeye alikuwa hivi akiwa na mtoto tumboni, nami nikamwekea ngazi ya kurukia.

Penye daraja kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja wa kijiji, mwenye mkuki na koti la mvua, aliniona kwa mbali.

"Mama, simama!"

Nikasimama. Alipofika karibu akaona ndevu zangu. Akaruka nyuma na mkuki juu, akawaita wenzake. Hakuna mwanamume anayebeba kuni kwa mukwa katika nchi ile. Kwao kulikuwa na maelezo ya aina moja tu: huyu ametoka msituni na amejifanya mwanamke. Walinilaza chini. Walifungua kuni kijiti kimoja kimoja wakitafuta risasi. Nikawaeleza habari za karavani na mlango na mtoto aliyelala upande, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo.

"Wewe ni kabila gani?"

"Mbukusu."

"Imba wimbo wa kanisa wa kwenu."

Niliimba nikiwa nimelala kifudifudi, vumbi mdomoni. Niliimba beti tatu. Mmoja wao aliwahi kufanya kazi Eldoreti, akacheka, akasema hiyo lugha hakuna awezaye kuiiga. Wakaniacha. Pasi yangu hawakuwa wameiomba hata mara moja.

Lakini kuni zilikuwa zimetawanyika, na kuzifunga sikujua. Nilikaa nimezitazama. Kina mama wanne wakapita na mizigo yao, wakasimama, wakaniangalia kwa chini chini. Mkubwa wao alikuwa bibi kizee ambaye wenzake walimwita cucu.

"Haiya! Huyu nani amemroga?" aliuliza.

Niliwaeleza upya. Hawakucheka sana. Cucu aliuliza tu, "Mtoto amelala upande?" Nikasema ndiyo. Akasema neno kwa wenzake. Na hapo nikaona jambo ambalo macho yangu yalilipita miaka sita yote.

Hawakutua mizigo. Walirudi kinyumenyume hadi kwenye ukingo wa barabara, mahali udongo ulipokatwa ukawa juu kama kiuno. Kila mmoja alikalisha mzigo wake pale juu, akachomoa kichwa kwenye mkanda, akasimama huru. Wakanifungia kuni zangu, wakanipa kiazi kitamu cha kuchemsha, wakanisema kwa kufunga vibaya. Walipomaliza, kila mmoja alirudisha paji la uso kwenye mkanda wake, akaegemea mbele, akaondoka. Hakuna aliyemwinua mwenzake.

"Cucu," nilisema mdomo ukiwa umejaa kiazi, "kila mara mnafanya hivyo?"

"Kwani wewe ukichoka unafanya nini? Unaanguka?"

Ni hapo hapo, nikiwa nimerudi kinyumenyume ukingoni kuchukua mzigo wangu, ndipo lile lori la watu wa huku lilipopita na mtu akapiga kelele, "Huyo si Zakayo?" Sasa mnajua.

Gitothua: kwa Mzee Kariuki

Nilifika jioni, paji la uso limechubuka. Mzee Kariuki alikuwa mtu mfupi, mikono mipana, hapendi maneno. Ngazi ya kiwanda ilikuwa nyuma ya nyumba, imefunikwa na mabua ya mahindi. Ilikuwa na vidato vitatu vya bamba la chuma lenye matundu, ili matope yadondoke na mguu usiteleze. Miguu minne hadi chini, kila mmoja na sahani pana isiyozama vumbini. Pande zote mbili kulikuwa na vyuma vya kushikia. Nilipoiona nilitaka kuibusu.

Nikavaa mukwa nikapanda. Katikati ya vyuma vile kuni zilikwama. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma, kama mbuzi aliyeingiza pembe kwenye ua. Mzee Kariuki alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kuja kunitoa.

"Unatafuta nini hasa, kijana?"

"Mzee, naomba ukate chuma cha upande huu mmoja. Halafu upande huo huo uniungie kibaraza, kimo cha kidato cha juu, kiwe na miguu yake."

"Kibaraza cha nini?"

"Cha kukalishia kuni."

"Ngazi ni ya watu. Kuni zina haja gani ya kukaa?"

Nikaeleza, akatikisa kichwa. Alisema ni kuharibu chuma kizuri, na kwamba yeye hafanyi kazi ya kuchekwa. Nilikaa juu ya ile ngazi nikamwambia sitaondoka. Alisema nilale hapo hapo basi. Nikasema sawa.

Mkewe alinipa irio na maharagwe, na nililala kwenye ghala la mkaa. Asubuhi ya Jumatano Mzee alikuta nimeweka magogo mawili na ubao kando ya ngazi, kimo kile nilichotaka, ili nimwonyeshe. Akafungua mdomo kunisema. Wakati huo mkewe akaingia uani na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, akiwaza mambo yake. Hakututazama. Aliuona ubao, akarudi kinyumenyume, akakalisha mzigo juu yake, akachomoa kichwa, akaenda kuchota maji.

Mzee Kariuki alitazama ule mzigo umekaa pale. Akamtazama mkewe. Halafu akaenda kuwasha moto wa kiwanda chake.

"Miaka thelathini anakuja na majani," alisema akivuta mvukuto, "na mimi ndiye ninayemtua."

Alifanya kazi mpaka jua likainama. Alhamisi alfajiri lori la maziwa lilituchukua, mimi na ngazi yangu, miguu yake juu kama mbuzi aliyechinjwa. Niliikalia njia nzima isije ikaruka.

Gatuanyaga tena

Land Rover ilifika kabla lango la kijiji halijafunguliwa. Nilifunga ngazi, nikaisukuma, nikaitikisa, nikaikalia. Kisha nikarudi kinyumenyume na zile kuni, nikazikalisha kibarazani, nikazichukua tena. Sista alitazama. Nadhani alifikiri nimepatwa na jua.

Filimbi ikalia. Wanawake walikwenda kutafuta kuni, wakarudi wakiwa wameinama, vumbi likiwafuata. Mama Wangari alikuwa nyuma. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa, na bado alikuwa amebeba, kwa mkanda wa kuazima. Alisimama mbali.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, nikaiacha. Nilivaa mukwa wa mama yake mbele ya kijiji kizima, nikarudi kinyumenyume, nikakalisha kuni zake, nikatoa kichwa, kisha nikazishusha kando na kuufungua mukwa. Wanawake walilipuka kwa kicheko. Mmoja aliuliza nimeolewa wapi. Mama Wangari hakucheka.

Akaja polepole. Aligeuza mwili wote, akarudi nyuma hatua tatu, akapapasa kibaraza kwa mkono mzima, akakalisha mzigo. Chuma hakikulia. Akachomoa kichwa, akasimama wima, na hapo nikagundua kwamba ni mrefu kunipita. Miezi yote ile nilikuwa sijapata kumwona akiwa amenyooka, na hata siku ile aliyoanguka alitembea amejikunja kwa maumivu.

Akashika chuma cha upande mmoja. Kidato cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Akaingia bila kugeuka upande, na pazia likafungwa.

Kicheko kilikufa. Wote walijua habari za wale wawili. Tulisimama pale, wanawake wameinama na mimi nimeshika mukwa mkononi, tukasikiliza. Ndani Sista akasema kitu, akanyamaza, akasema tena. Nilisali kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, na kwa maneno machache ya Kikikuyu niliyoyajua, kwa kuwa sikutaka kuacha mlango wowote bila kubisha hodi.

Pazia likafunguka. Mama Wangari akashuka vidato vitatu, akaenda kwenye kuni zake. Nilikimbia kumsaidia kuinuka.

"Toa mkono, fundi."

Akaweka paji la uso kwenye mkanda. Akaegemea mbele. Mzigo ukanyanyuka kutoka kibarazani, na akaondoka nao bila kuguswa na mtu. Nyuma yangu nilisikia mwanamke mwingine akirudi kinyumenyume, na mwingine akimwambia afanye haraka, lango litafungwa.

Alipofika njiani alisimama. Aligeuza mwili wote, kuni na tumbo na yeye mwenyewe, mpaka akanielekea.

"Amegeuka," alisema. "Kichwa chini. Sista anasema ananipiga teke kama punda." Kisha akaninyoshea mkono. "Sasa lete mukwa wa mama yangu."

Nilimpelekea. Basi, mtu akiwaambia tena kwamba Zakayo alibeba kuni kama mwanamke, mwambieni ni kweli, nilibeba, na kuni hizo nilikaa nazo juma zima. Mama Wangari amejifungua mvulana, wote wazima. Na jana nilipomwona mama yangu akishusha mtungi kichwani peke yake, shingo ikitetemeka, nilikwenda kutafuta mbao.